Baada ya TPS: Mwongozo Kamili wa Kujipanga Ulinzi wa Muda na Kibali cha Kazi Vinapokoma Marekani

TPS, yaani hadhi ya ulinzi wa muda, iliwekwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 kwa ajili ya raia wa nchi iliyokumbwa na vita, janga la kimaumbile au hali nyingine inayowazuia kurudi kwao salama. Hutolewa kwa miezi 6, 12 au 18, na Waziri wa Usalama wa Ndani hutakiwa kuamua, angalau siku 60 kabla ya muda kwisha, kama utaongezwa au utafutwa. Warundi waliipata Novemba 1997 na ikawatoka Mei 2009. Wakameruni ilikoma kwao tarehe 4 Agosti 2025. Notisi ya kuifuta kwa Sudan Kusini ilitaja 5 Januari 2026 na ya Somalia 17 Machi 2026. Miongoni mwa Wasomali na Wasudani Kusini hao wamo waliokulia Eastleigh, Dadaab na Kakuma, ambao Kiswahili huwaingia kwa urahisi kuliko Kiingereza cha mawakili, na mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa ajili yao. Wakongomani hawajawahi kupewa TPS. Aliyeletwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi ana hadhi nyingine kabisa, na asiyachukue maelezo haya kuwa yake.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba TPS inapokoma, hesabu tatu huanza kwenda kwa wakati mmoja, kila moja kwa mwendo wake: hesabu ya kibali cha kazi, hesabu ya siku za kukaa nchini bila idhini, na hesabu ya muda uliobaki wa kuwasilisha maombi mengine. Wengi huitazama ile ya kwanza tu kwa sababu ndiyo inayokata mshahara, kumbe mbili zilizobaki ndizo zinazoamua kama mtu ataweza kuishi Marekani kihalali, au hata kurudi huko, katika miaka inayofuata.

Hatua ya kwanza: ijue tarehe yako halisi

Tarehe iliyochapishwa kwenye kadi ya kibali cha kazi si lazima iwe tarehe yako ya mwisho. Mara nyingi notisi za serikali zimeongeza muda wa kadi zilizoonekana kuwa zimekwisha, na safari nyingine TPS imefutwa huku kadi ikionyesha miezi kadhaa iliyobaki. Kinachotawala ni notisi iliyotolewa katika gazeti rasmi la serikali ya shirikisho pamoja na ukurasa wa nchi yako kwenye tovuti ya USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaotangaza kwamba TPS imerudi si notisi, hata ukiwa umetumwa na mzee anayeheshimika msikitini au kanisani.

Mahakama nazo huingilia kati. Tarehe 30 Desemba 2025 jaji wa shirikisho alisimamisha kufutwa kwa TPS ya Sudan Kusini, zikiwa zimebaki siku chache tu. Kwa upande mwingine, tarehe 3 Oktoba 2025 Mahakama ya Juu iliruhusu serikali kuendelea kuwaondolea ulinzi Wavenezuela zaidi ya 300,000 wakati kesi yenyewe ilikuwa bado haijamalizika. Kwa maoni yangu, amri ya jaji wa ngazi ya chini ichukuliwe kuwa muda wa ziada wa kujiandaa, wala isiwe msingi wa kusaini mkataba mpya wa nyumba wa miaka miwili. Chapisha ukurasa wa USCIS unaoonyesha amri hiyo na uuweke pamoja na kadi yako, kwa sababu mwajiri atautaka.

Baada ya hapo, hesabu siku. TPS ikikoma, mtu hurudi kwenye hadhi aliyokuwa nayo kabla yake, ikiwa haijaisha, au hubaki na hadhi nyingine yoyote aliyoipata katikati. Mwanafunzi aliyeilinda hadhi yake ya masomo bado ni mwanafunzi. Asiye na hadhi nyingine huanza kuhesabiwa kuwa yumo nchini bila idhini kuanzia siku inayofuata. Akipitisha siku 180 kisha akaondoka mwenyewe, hufungiwa kurudi kwa miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi kisha akaondoka, hufungiwa miaka 10. Mkameruni asiye na ombi wala hadhi nyingine, kwa mfano, alianza kuhesabiwa tarehe 5 Agosti 2025, na siku yake ya 180 ikawa 31 Januari 2026. Siku ulizokaa bila idhini kabla ya kupata TPS, ikiwa hukuwahi kutoka nchini, zinaweza kujumlishwa humo, ilhali siku za mtoto aliye chini ya miaka 18 hazihesabiwi kwa ajili ya adhabu hizi. Andika tarehe zako mbili, ya siku ya 180 na ya mwaka kamili, kwenye kalenda iliyo ukutani mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anaiona.

Hatua ya pili: kusanya faili kabla ya kujaza fomu yoyote

Tengeneza nakala za karatasi na za simu za kila ulichowahi kuipa serikali ya Marekani: maombi yote ya TPS yaliyopita kwenye fomu I-821, barua za kuyapokea na kuyaidhinisha, kadi zote za kazi za zamani, viza, kumbukumbu ya kuingia nchini ya I-94, pasipoti zilizokwisha muda na barua yoyote ya mahakama. Ikiwa ulipitia kambini, tafuta na karatasi za UNHCR, hasa ile inayoorodhesha watu wa kaya yako.

Karatasi hizo zisomwe moja baada ya nyingine kabla hujaandika neno jipya. Waliopitia kambini wengi wameandikishwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu mwandikishaji alijua mwaka tu, au alikisia hata huo. Na Mohamed wa karatasi moja ni Maxamed wa karatasi nyingine, huku jina la babu likiwa limegeuka kuwa jina la ukoo. Yapo pia majina ya watoto wa ndugu walioandikwa kuwa watoto wa mwenye kaya, ili posho ya chakula isikatike. Hakuna kati ya hayo kinachomharibia mtu moja kwa moja, lakini ofisa atakayeona tarehe mbili za kuzaliwa bila maelezo ataanza kutilia shaka na mambo mengine yaliyo ya kweli. Andika maelezo mafupi ya kila tofauti, ukieleza ilitokea wapi na nani aliandika, na umpe wakili wako aamue yatumike vipi.

Kisha hakikisha kama una kesi katika mahakama ya uhamiaji. Wapo watu walioitwa kortini miaka mingi iliyopita, barua ikaenda kwenye nyumba waliyokwisha kuhama, na hukumu ya kuondolewa nchini ikatolewa wasipokuwepo. TPS iliwakinga kwa muda wote huo, na inapokoma hukumu hiyo huwa tayari kutekelezwa. Ukiwa na namba yako ya mgeni, ile inayoanza na herufi A, piga simu 1-800-898-7180, ambayo ni huduma ya kujiendesha ya mahakama za uhamiaji, au angalia kwenye tovuti yao. Likitokea jina lako pamoja na hukumu, mwone wakili kwanza, kabla ya kutuma ombi lolote na kabla ya kwenda katika ofisi yoyote ya uhamiaji. Na kila unapohama nyumba, toa taarifa kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10. Mwenye kesi huijulisha mahakama kwa fomu yake tofauti, kwa kuwa ofisi hizo mbili hazipelekeani anwani.

Kuhusu wakili, neno moja linatosha: anayekushauri awe wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Yule jamaa wa dukani anayejaza fomu kwa dola mia moja anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado akakutumia ombi lisilokufaa. Mahakama za uhamiaji hutoa orodha ya wanaosaidia bure au kwa bei nafuu katika kila jimbo. Anza na hao, na nenda ukiwa na faili lako lote.

Hatua ya tatu: tafuta njia nyingine ya kukaa

Njia inayofikiriwa kwanza na wengi ni kuomba hifadhi kwa fomu I-589. Sheria humtaka mwombaji aiwasilishe ndani ya mwaka mmoja tangu aingie Marekani, na watu hukata tamaa wakidhani muda umewapita. Hata hivyo, kanuni zinatambua kwamba aliyekuwa chini ya TPS alikuwa na sababu ya kutoomba, mradi awasilishe ombi ndani ya muda unaostahili baada ya TPS kukoma. Kanuni haikutaja muda huo ni siku ngapi, na kwa hiyo ushauri wangu ni kutuma kabla TPS haijakoma, au majuma machache baada yake, usingoje miezi. Kuna faida nyingine: ombi la kweli la hifadhi likiwa bado halijaamuliwa, siku za kukaa bila idhini kwa kawaida hazihesabiwi, isipokuwa kwa yule anayefanya kazi bila kibali.

Vita peke yake havitoshi. Mwombaji huonyesha kwamba aliteswa, au ana sababu ya kuogopa kuteswa, kwa ajili ya rangi au kabila, dini, uraia, msimamo wa kisiasa, au kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii. Msomali Mbantu kutoka bonde la Juba hasemi tu kwamba kwao kuna al-Shabaab. Anaeleza ni nani aliyewanyang'anya shamba, aliwaitaje, na kwa nini wazee wa ukoo wenye nguvu hawakuwasaidia. Mnueri kutoka Bentiu anaeleza jinsi alivyotambuliwa kwenye kizuizi cha barabarani, iwe kwa lugha yake au kwa alama za kipaji cha uso. Ikiwa uliishi Kenya kwa miaka mingi, tarajia kuulizwa kama ulikuwa na haki ya kukaa huko daima. Tofauti kati ya kitambulisho cha mkimbizi na ukaazi wa kudumu ni kubwa, nawe uieleze kwa hati.

Katika mahojiano ya ofisi ya hifadhi, mwombaji ndiye anayekuja na mkalimani wake, ilhali mahakamani mkalimani hutolewa bila malipo. Taja lugha unayoifahamu vizuri zaidi, hata kama Kiingereza chako kinakutosha kazini, na ikiwa ni Kiswahili sema ni cha wapi, kwa maana mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Lubumbashi na mwombaji wa Mombasa wanaweza kupishana mahali pasipotakiwa kosa. Hati isiyo ya Kiingereza huambatanishwa na tafsiri iliyotiwa saini na mfasiri anayethibitisha uwezo wake. Muhuri wa mthibitishaji wa saini (notary) hauhitajiki.

Zingatia pia hatari zake. Mwombaji asiye na hadhi nyingine akikataliwa na USCIS hupelekwa mahakamani, kwa hiyo ombi dhaifu lililotumwa kwa ajili ya kupata kibali cha kazi tu linaweza kukufungulia kesi ya kuondolewa. Tangu mwaka 2025 kuna ada, iliyoanzia dola 100 wakati wa kuwasilisha na kiasi kama hicho kila mwaka ombi linapokuwa bado halijaamuliwa. Desemba 2025 USCIS ilisimamisha kutoa maamuzi ya maombi ya hifadhi, jambo lisilozuia kuwasilisha ombi jipya. Usichanganye mambo hayo mawili, kwa kuwa hesabu ya muda wako haisubiri maamuzi yaanze tena.

Njia ya familia hutegemea mlango ulioingilia. Aliyeingia kwa viza na kukaguliwa, kisha akawa na mume, mke au mtoto wa miaka 21 na zaidi aliye raia wa Marekani, kwa kawaida anaweza kuomba ukaazi wa kudumu akiwa humo nchini hata kama muda wake umepita. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa hana nafasi hiyo kirahisi, kwani mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kupewa TPS si sawa na kuingia nchini kihalali. Hata hivyo, ikiwa uliwahi kusafiri nje kwa ruhusa ya TPS na ukarudi, mwambie wakili wako, maana safari hiyo inaweza kubadili jibu. Ndoa ya kutafutia karatasi isifikiriwe kabisa: ikigundulika, humfungia mtu maombi ya familia maisha yake yote. Wapo pia waliodhurika kwa uhalifu, waliopigwa na wenzi wao walio raia, na vijana waliotelekezwa na mzazi, ambao wana njia zao mahsusi. Mambo haya watu huona haya kuyasema, lakini kwa wakili ndipo pa kuyasema.

Hatua ya nne: kazi

Mwajiri hatakiwi kuendelea kumtumia mfanyakazi ambaye anajua kibali chake kimekwisha, na siku hiyo ikifika atakutaka uonyeshe hati nyingine kwa ajili ya fomu I-9, ile ambayo mwajiri huthibitishia ruhusa yako ya kufanya kazi. Hati ya kuonyesha unaichagua wewe kutoka kwenye orodha ya fomu hiyo. Yeye hana haki ya kudai moja tu anayoipenda. Aliyeomba hifadhi, kwa kanuni zilizozoeleka, huomba kibali baada ya siku 150 na hukipata zikitimia siku 180, ikiwa hakuichelewesha kesi mwenyewe. Kwa kuwa kanuni hizi huguswa mara kwa mara, soma maelekezo ya fomu I-765, ambayo ndiyo ya kuombea kibali cha kazi, siku ile ile unayotuma. Usitegemee tena kadi ya zamani ijiongeze yenyewe, kwa sababu maombi mengi ya kuhuisha yaliyotumwa kuanzia 30 Oktoba 2025 hayana nafuu hiyo. Panga bajeti ya angalau miezi sita bila mshahara wako.

Katika miezi hiyo ndipo watu hujifunga wenyewe. Kutia alama kwenye kisanduku cha raia wa Marekani katika fomu I-9 ni kosa linalozuia ukaazi wa kudumu daima, na msamaha wake haupatikani kirahisi, hata kwa aliyeoa au kuolewa na raia. Kutumia namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, ya mtu mwingine ni jinai. Kukodi akaunti ya ndugu ili kupeleka chakula au kubeba abiria kwa programu ya simu ni kazi kama kazi nyingine, inayohitaji kibali, tena kwa jina lisilo lako. Mwenye matumaini ya ukaazi kupitia mwajiri ajue kwamba siku za kazi bila kibali zikizidi 180 njia hiyo hufungika.

Haki zako hazikomi pamoja na kibali. Mshahara wa saa ulizokwisha kufanya kazi ni wako, na mwajiri akiuzuia unaweza kumlalamikia kwenye Idara ya Kazi. Omba barua ya utumishi na taarifa za malipo ya miaka yote kabla ya kuondoka, kwa kuwa kuingia tena kwenye mfumo wa kampuni ukiwa nje ni usumbufu. Fidia ya kukosa ajira kwa kawaida hudai uwe na ruhusa ya kufanya kazi, kwa hiyo usiihesabu katika bajeti. Bima ya afya ya kazini huweza kuendelezwa kwa gharama yako hadi miezi 18, nawe una siku 60 za kuichagua. Ni ghali, na familia nyingi huikubali tu ikiwa kuna mjamzito au mgonjwa. Chumba cha dharura cha hospitali kinalazimika kumpima na kumtuliza mgonjwa hata akiwa hana bima wala karatasi.

Leseni ya udereva nayo huisha pamoja na hadhi katika majimbo mengi. Minnesota, wanakoishi Wasomali wengi, imekuwa ikitoa leseni bila kuuliza hadhi tangu Oktoba 2023. Ohio na Texas hazifanyi hivyo, na huko kusimamishwa barabarani bila leseni kunaweza kukufikisha mikononi mwa maofisa wa uhamiaji.

Hatua ya tano: fedha na nyumba

Akaunti ya benki haifungwi kisheria kwa sababu ya kukoma kwa TPS. Mwongeze mtu unayemwamini kwa hati ya uwakilishi, ukiandika wazi anachoruhusiwa kufanya. Fedha za uzeeni zilizo katika mpango wa 401(k) hubaki zako popote utakapokuwa. Kuzitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu kwa kawaida kuna faini ya asilimia 10 juu ya kodi, kwa hiyo usizivunje kwa hofu ya kwamba zitataifishwa. Marekani haina mkataba na nchi yoyote ya Afrika wa kuunganisha michango ya Social Security. Kodi ya mapato wasilisha kwa namba ile ile ya Social Security uliyopewa, ambayo ni yako maisha yote, kwa kuwa rekodi safi ya kodi ni ushahidi mzuri mbele ya jaji.

Anayetuma fedha nyumbani ajue kwamba kuanzia 1 Januari 2026 fedha taslimu zinazotumwa nje hutozwa kodi ya asilimia 1, lakini zinazotoka kwenye akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani hazitozwi. Ikiwa umo kwenye upatu, ule ambao Wasomali huuita hagbad au ayuuto, mwombe mweka hazina akupe zamu ya mapema au akurudishie ulichochanga. Lizungumzwe mapema na mbele ya wanachama wote, kwa sababu upatu hauna mkataba wa maandishi na ugomvi wake huvunja undugu.

Kwa watoto waliozaliwa Marekani, chukua pasipoti zao za Marekani sasa. Mtoto aliye chini ya miaka 16 huhitaji ridhaa ya wazazi wote wawili, na asiyeweza kufika huweka saini kwenye fomu DS-3053 mbele ya mthibitishaji. Andika pia hati inayompa shangazi, mjomba au rafiki mamlaka ya kumlea mtoto kwa muda, kwa fomu inayokubalika katika jimbo lako, na upeleke jina lake shuleni. Shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hadhi yake, kama Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1982.

Hatua ya sita: ikiwa utaondoka

Kuondoka ni uamuzi halali kama mwingine, na kwa baadhi ya watu ndio bora. Asiye na kesi na aliye ndani ya siku 180 huondoka bila kufungiwa miaka 3 wala 10. Mwenye kesi asipande ndege kabla kesi haijafungwa, kwani jaji anaweza kumhukumu akiwa tayari Nairobi. Anaweza badala yake kuomba kuondoka kwa hiari, ambako humwepusha na hukumu ya kuondolewa. Anayekubaliwa kisha asiondoke kwa wakati hutozwa faini na kuzuiwa nafuu nyingi kwa miaka 10. Masharti ya tikiti na fedha ambazo serikali huahidi kupitia CBP Home, programu ya simu ya wanaojiondoa wenyewe nchini, yasomwe na wakili kwanza, maana kuondoka kwa njia hiyo hakufuti siku za kukaa bila idhini zilizokwisha kuhesabiwa.

Wanaofikiria Kanada wajue kwamba tangu 25 Machi 2023 makubaliano ya nchi hizo mbili yanahusu mpaka wote wa nchi kavu, na anayevuka kutoka Marekani kuomba hifadhi hurudishwa, isipokuwa awe katika kundi lililoondolewa, kama vile mwenye jamaa wa karibu huko. Kwa upande wa nyumbani, Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Somalia mwaka 2024, lakini uanachama huo haumpi mtu kibali cha kazi Nairobi au Kampala siku anayotua. Kadi ya zamani ya mkimbizi kutoka Kakuma usiichukulie kuwa bado inafanya kazi. Omba pasipoti ya nchi yako kwenye ubalozi miezi kadhaa kabla, na uulize masharti ya kila nchi utakayopitia.

Siku ya safari, weka kwenye mzigo wa mkononi vyeti vya shule vilivyothibitishwa, rekodi za chanjo za watoto na barua za utumishi. Kipande cha tikiti ya kupandia ndege usikitupe, na ukifika, piga picha ya muhuri wa kuingia kwenye pasipoti yako na uitume kwa wakili wako siku hiyo hiyo: Marekani haigongi muhuri wa kutoka kwa abiria wa ndege, na ofisa wa ubalozi atakapokuuliza baadaye uliondoka siku ya 170 au ya 190, hizo ndizo karatasi utakazomwonyesha.